Mstari wa Saba

Aya ile naijua kama namba yangu ya simu.
Maneno mia moja arobaini na manane:
*Chuo chetu kinalinda haki za kiraia za kila mtu,
bila kujali rangi, asili, imani, jinsia wala ulemavu…*
Miaka kumi na tisa naibandika
mwishoni mwa kila ombi la ruzuku:
la madaraja, la nyuki, la maradhi ya mapafu.
Mara moja, kwa usingizi,
niliibandika mara mbili katika ombi moja
na hakuna aliyegundua.
Fedha zilikuja.

Leo ni zamu ya mpunga mwitu.
Nje, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
trekta linakwangua theluji ya Minesota kwenye maegesho.
Profesa Gunderud kapita mlangoni, koti begani:
"Kirsti, ile aya yako. Bandika, tutume.
Wanafunga saa kumi na moja."

Ni ombi zuri, nasema bila kinyongo.
Kwa nini mpunga unapungua katika maziwa ya kaskazini,
salfati inatoka wapi, maji yanapanda lini.
Na ukurasa wa tatu, jina:
Bi Arlene Houle, Mwojibwe,
mvunaji tangu ana miaka sita,
*mshirika wetu wa jamii, hazina ya maarifa.*
Hazina.
Nikafungua bajeti.

Mstari wa kwanza, profesa, miezi ya kiangazi.
Wa pili, mwanafunzi wa uzamivu.
Wa tatu mashua, wa nne injini yake,
wa tano ndege na hoteli, mkutano wa Lisboni.
Wa sita, chupa elfu mbili za maji.
Wa saba: Houle, A., siku arobaini.
Sifuri.
Imekaa vizuri, imepangwa kulia,
ina nukta, na sifuri mbili nyuma yake
kama vifaranga.

Nikampigia. Sikuwa na ruhusa.
Alikuwa gereji, anafufua betri ya gari la binti yake.
Akacheka kidogo.
"Waliotangulia walinipa kikombe.
Kina nembo ya chuo. Kinavuja."
Kisha akauliza, bila kupandisha sauti:
"Na huyo atakayeendesha mashua,
naye ni hazina, au ni mfanyakazi?"

Nikairudia aya.
Wanasheria wameiosha neno kwa neno
hadi haina harufu ya mtu.
Lakini kabati la chini, chini ya katriji kuukuu,
imo nakala ya kwanza, ya taipureta,
ya mwaka ule wanafunzi weusi kumi na wanne
walipolala siku tatu sakafuni kwa mkuu wa chuo.
Haifiki hata mistari mitatu:
*Atakayefanya kazi, alipwe. Atakayefaulu, aingie.
Mlango ukiwa mwembamba, upanuliwe mlango.*
Pembeni, wino wa bluu: "Kali mno. Lainisha."

Tumelainisha nusu karne.

Saa kumi na dakika arobaini.
Mkono mtupu haulambwi,
na aya yangu ni mkono mtupu uliovishwa pete.
Nikaifuta Lisboni, nikaujaza mstari wa saba,
nikashuka ngazi bila koti.
Gunderud alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.
Akasoma. Theluji ikawa inaanguka juu ya tarakimu.
"Kiasi gani kwa siku?"
"Sawa na mwendesha mashua."
Akanyamaza muda mrefu kwa baridi ile.
Kalamu ikagoma; akaipulizia pumzi mara mbili,
akatia sahihi.

Aya? Nimeibandika. Fomu inaidai.
Ila safari hii niliisoma kwa sauti, peke yangu,
maneno yote mia moja arobaini na manane,
polepole,
kama mtu anayesoma jina lake
kwenye daftari la dukani.